Maji ya Mchunga

Siku niliyokabidhi ufunguo wa chumba cha lishe, Fatuma, ambaye sasa ndiye mkuu wa chumba hicho, aliniuliza ni mgonjwa gani sitamsahau. Nilimjibu kwa mzaha kwamba simsahau yule bwana aliyepanda mizani huku amemficha kuku ndani ya koti, akihofia kuibiwa akimwacha kwenye benchi. Watu wakacheka, keki ikakatwa, nami nikarudi zangu Kakuyuni. Lakini swali lile lilinifuata hadi shambani. Basi nalijibu hapa, Fatuma, na wenzako nao wasome. Habari za vyeo na mishahara nimeziruka, maana hata zilipokuwa zangu hazikunishughulisha sana.

Nilianza kazi nikiwa kijana mwembamba kupita kiasi kwa mtu aliyeajiriwa kuwafundisha wenzake kula. Mimi ni mtoto wa mkulima, Mgiriama wa Kakuyuni, na hospitali niliyopangiwa ilikuwa ya mjini, upande huu huu wetu wa pwani. Chumba cha lishe kilikuwa nyuma ya jiko, kina dirisha moja, meza moja na viti viwili. Aliyekalia kiti cha ndani alikuwa Bi Mwanaisha, mwanamke wa Mambrui, mtu mzima tayari, miwani yake imefungwa kwa uzi ili isianguke katika sufuria. Ndiye aliyekuwa afisa wa lishe kabla yangu, na ndiye aliyenifunza kazi.

Nilimwamkia shikamoo.

"Marahaba mwanangu. Umekula nini leo asubuhi?"

"Chai na boflo, Bi."

"Na jana jioni?"

"Sima na mutsunga."

Mutsunga ni ile mboga chungu ya kwetu inayojiotea shambani. Waswahili wa Mambrui huiita mchunga. Akaniuliza mama yangu huipikaje. Nikamweleza kwamba huitokosa kwa maji mengi, akaikamua mpaka ukali utoke, kisha akayamwaga maji yale nyuma ya nyumba, penye mgomba.

"Basi huo mgomba ndio unaokula," akasema. "Nyinyi mwabakishiwa makapi."

Hilo ndilo lililokuwa somo langu la kwanza. Sehemu kubwa ya madini ya mboga huyeyuka katika maji ya kupikia, na anayeyamwaga amemwaga nusu ya kazi ya shamba. Bi Mwanaisha alikuwa na dawa ya ule ukali. Changanya mchunga na mchicha, tia maji kidogo tu, funika, na tui la nazi liingie mwisho. Maneno hayo aliyasema kila siku ya kliniki kwa sauti ile ile, na wagonjwa wa zamani wakawa wanayamalizia kabla yake.

Chombo chake kikuu kilikuwa upawa wa kifuu cha nazi, wenye mpini uliong'aa kwa kushikwa. Tulikuwa na vikombe vya kupimia vilivyoletwa na wafadhili, vyenye mistari na tarakimu, na vilikaa kabatini vikiwa safi kabisa. Bi Mwanaisha aliniuliza ni nyumba gani ya Mambrui au Kakuyuni niliyoona kikombe kama kile. Upawa kila mtu anao. Ukimwambia mtu ale kunde upawa mmoja na majani upawa mmoja, atakwenda nyumbani na kufanya hivyo.

Kina mama hawakunipokea vizuri mwanzoni. Mmoja alisimama mbele ya wenzake wote akauliza iwapo mwanamume, tena asiyeoa, ndiye atakayewafunza kusonga sima. Bi Mwanaisha hakuinua hata uso. "Kusonga mfunzeni nyinyi," alisema. "Yeye atawafunza cha kuweka kando ya sima." Walicheka, nami nikacheka nao, ingawa masikio yalikuwa ya moto.

Madini niliyokuja kuyajua kuliko mengine yote ni magnesiamu, na aliyenijulisha nayo ni Mzee Charo, fundi cherehani wa Kakuyuni. Alilazwa kwetu akiwa na presha ya miaka mingi. Misuli ya miguu ilikuwa ikimkaza hadi anapiga kelele, vidole vinatetemeka hawezi kutunga uzi kwenye sindano, na moyo unaruka mapigo. Daktari alituma damu maabara, na ikaonekana magnesiamu imeshuka mno. Sehemu ya sababu ilikuwa ile dawa yake ya presha ya kupunguza maji mwilini, ambayo huondoka na madini pia kupitia mkojo. Alitundikiwa dripu, akapata nafuu, akaenda kwake. Haukupita muda mrefu akarudi na hali ile ile. Akatundikiwa tena, akarudi tena.

"Twajaza mtungi una ufa," Bi Mwanaisha akasema. "Twende tukaone yuwala nini."

Nyumbani kwa Mzee Charo tulipokewa kwa heshima. Binti zake walikuwa watoto wema, wanampenda baba yao, na mtu angeweza kuona hivyo kwa namna shuka zake zilivyofuliwa. Bi Mwanaisha aliuliza anapewa chakula gani.

"Hatumnyimi kitu, Bi," alijibu Dama, binti mkubwa. "Wali, boflo, chai ya maziwa. Soda ikipatikana twamnunulia."

"Na nyinyi mwala nini?"

Dama akatazama chini. "Sisi twala vya shambani tu. Kunde, mutsunga, na wari wa unga wa mashine."

Wari ndiyo sima kwa Kigiriama. Unga wa mashine ni ule unaosagwa mahindi mazima, pamoja na wishwa wake.

"Mbona yeye hapewi hivyo?"

"Mgonjwa, Bi? Watu watasema tumemtupa."

Nilielewa mara moja, kwa sababu hata kwetu ilikuwa hivyo. Mgonjwa anayependwa hupewa chakula cheupe. Mchele mweupe, boflo, yaani mkate mweupe, uji wa unga uliokobolewa ukabaki kama chokaa. Mboga ya kuokota shambani ni ya mtu asiye na jamaa. Wale mabinti walikuwa wakimnyima baba yao vitu vyote alivyovihitaji, na walifanya hivyo kwa mapenzi.

Mimi nilikuwa tayari kutoa hotuba. Bi Mwanaisha alinikanyaga mguu. Aliomba aletewe chakula chao, kile cha jikoni, akasema njaa inamuuma. Dama alisitasita, akaleta. Bi Mwanaisha alinawa, akaketi mkekani karibu na kitanda cha Mzee Charo, akala mutsunga na kunde taratibu mbele ya macho yake, na akasifu. Kisha akamtilia mzee sahani. Mgeni wa heshima alikuwa amekila chakula kile kwanza, kwa hiyo hakikuwa tena chakula cha aibu. Niliiga mbinu hiyo katika kazi yangu yote. Nimekula mlo wa mchana hata mara tatu kwa siku moja kwa ajili ya kazi, na mke wangu alikuwa akishangaa kwa nini sili nyumbani.

Daktari naye alibadilisha ile dawa. Mzee Charo hakurudi tena wodini kwa ugonjwa ule. Yeye ndiye aliyetushonea makoti meupe ya kazi miaka iliyofuata, na mifuko ya langu aliifanya mikubwa, akisema mtu anayekula kila nyumba atahitaji pa kuweka mabaki.

Miaka ilivyosonga, habari za magnesiamu zikaenea. Watu walianza kuja na mikebe ya vidonge iliyotoka ng'ambo, wakiuliza kama ni kweli inarefusha maisha. Bi Mwanaisha aliwajibu kwa subira. Alisema watafiti wameona kwamba watu wanaokula kwa wingi majani, kunde, pojo, korosho na nafaka isiyokobolewa hupata kwa nadra zaidi presha, kisukari na maradhi ya moyo, na kwamba magnesiamu huenda ikawa na mkono wake humo. Lakini watu hao hao mara nyingi hutembea kwa miguu, hawavuti sigara na hulala mapema, kwa hiyo si rahisi kujua shukrani apewe nani. Wakishaondoka alinigeukia mimi.

"Waambie chakula hiki chawafaa, maana ni kweli. Usiwaambie kitawaongezea miaka. Miaka huna wewe ya kugawa, Kazungu."

Nililishika neno hilo. Alipostaafu aliniachia kiti cha ndani na upawa wake, akarudi Mambrui kwa binti yake Maimuna. Nilimtembelea kila nilipopata nafasi. Alikuwa na kishamba nyuma ya nyumba na alilima mwenyewe, na ukimkuta asubuhi alikuwa mikono yote udongo. Kwao presha ilikuwa ya ukoo. Iliwachukua mama yake na ndugu zake wawili, wote kabla hawajazeeka. Yeye alipima kila mwezi, alikunywa dawa, alikula kama alivyofundisha. Nilidhani ameishinda.

Siku moja nilifungua mlango kumwita mgonjwa anayefuata nikamwona yeye kwenye benchi, ameshika karatasi za daktari. Miguu yake ilikuwa imevimba. Aliingia, akaviangalia viti viwili, akakaa kile cha nje.

Nilisoma karatasi zile. Figo zake zilikuwa zimekwisha. Presha ilikuwa imezila polepole, kimya kimya, na sasa alikuwa anaanza kusafishwa damu kwa mashine. Alikuwa ametumwa kwangu kupewa maelekezo ya chakula.

"Haya, nifunze," akasema.

Nilipanga kalamu mezani, nikaipanga tena.

"Kazungu, mgonjwa wako yuwangoja."

Basi nilimfunza. Nilimweleza mambo aliyonieleza yeye zamani, kwamba figo nzima hutoa nje magnesiamu na potasiamu iliyozidi, na figo iliyokufa huiacha ndani ya damu mpaka misuli inalegea na moyo unapoteza mwendo. Kwa hiyo korosho basi. Kunde na pojo kidogo sana, tena kwa kipimo. Unga wenye wishwa basi, atumie uliokobolewa. Tui la nazi alipunguze. Mchele mweupe, mkate mweupe. Majani akitaka lazima yakatwe madogo, yatokoswe kwa maji mengi, na maji yamwagwe.

"Boflo," akasema.

"Ndiyo, Bi."

"Mimi. Boflo."

Alicheka hadi miwani ikamtoka, ikabaki inaning'inia kwenye uzi. Nilicheka naye. Kisha nikaona kwamba yeye ameacha kucheka na uso umelowa, nami sikujua niutazame au niutazame ukuta. Niliutazama ukuta.

Kabla hajatoka nilimuuliza kama kuna dawa nyingine anayotumia ya kununua dukani. Hili msilisahau kamwe, mwulizeni kila mgonjwa wa figo. Alitoa mkobani vidonge vya kutafuna vya kiungulia. Nilisoma nyuma ya pakiti, na magnesiamu ilikuwamo.

"Hata hivi?" akauliza.

"Hata hivi, Bi."

Akaniachia mezani.

Kwa muda mrefu baada ya hapo Maimuna alimpikia mama yake kama nilivyoagiza. Nilikuwapo mara moja alipokuwa akichuja mchunga, maji ya kijani yakimiminika katika beseni. Bi Mwanaisha alikuwa ameketi mlangoni, amegeuza uso upande wa ua.

"Yamwage kwenye mgomba," akamwambia binti yake. "Angalau mmoja wetu ale."

Nilicheka kwa sababu alitaka nicheke.

Maneno ya watu nayo yalianza. Pale kliniki, nikiwa katikati ya maelezo, mama mmoja alisema, si kwa ubaya, "Lakini Bi Mwanaisha mwenyewe alikula hizo mboga zenu maisha yake yote. Mbona yuko kwenye mashine?" Wenzake wakaguna. Nilijibu kwamba chakula hupunguza hatari na hakiifuti, na kwamba kuna maradhi ya ukoo ambayo mtu huzaliwa nayo. Lilikuwa jibu sahihi, na nililiona likianguka chini bila kuokotwa na mtu. Nilikasirika sana siku ile. Nilimkasirikia yule mama, na presha, na vitabu vyote nilivyosoma.

Maneno yale yalimfikia. Nilikuwa nimeketi naye akiwa ameunganishwa na mashine, damu yake ikizunguka kwenye mipira, aliponiuliza.

"Kazungu, niliwadanganya watu?"

"Uliwaahidi nini, Bi?"

"Sikuwaahidi kitu."

"Basi hukuwadanganya. Mzee Charo alikufa ameshakuwa mkongwe, na sindano yake mkononi. Wako wengi kama yeye."

Aliitazama ile mipira, mashine ikivuma.

"Watu sikuwaahidi," akasema. "Mimi mwenyewe ndiye niliyejiahidi. Kila nilipokula nilisema moyoni, mama yangu hakuyajua haya, mimi nayajua. Nilifikiri nitaishi sana."

Nilimshika mkono ule usio na sindano, na tukakaa hivyo hadi nesi alipokuja kuzima mashine.

Mwishowe mwili wake ulikataa. Kila alipounganishwa presha ilianguka na akazimia, na daktari akawaita watoto wake, akawaeleza ukweli. Bi Mwanaisha ndiye aliyekata shauri. Alisema arudishwe Mambrui alale chumbani kwake. Siku chache baadaye Maimuna alinipigia simu.

"Kaka Kazungu, mama ataka mchunga. Amekataa kila kitu, ataka huo tu. Nitokose nimwage maji?"

Nilimwambia asiweke sufuria motoni, nakuja. Mke wangu alichuma mutsunga wa shambani kwetu, majani machanga, pamoja na mchicha, akayafunga kwenye jani la mgomba. Nilipitia hospitalini kuchukua upawa.

Nilipika mwenyewe katika jiko la Maimuna. Nilichanganya, nikatia maji kidogo, nikafunika, tui likaingia mwisho. Maimuna alisimama karibu yangu ameshika chujio.

"Humwagi, kaka?"

"Simwagi."

Akaelewa. Aliweka chujio chini, akajifuta macho kwa mtandio.

Bi Mwanaisha alikuwa ameegemezwa mito, amekwisha kabisa, uso umebaki miwani. Niliketi mkekani kando ya kitanda, nikanawa, nikala mimi kwanza. Alinitazama nikila. Aliijua mbinu yake, na midomo ilimcheza. Kisha nikachota mchuzi kwa upawa nikamwekea mdomoni.

Aliuonja akafumba macho.

"Hukutia chumvi."

"Mazoea, Bi."

"Tia."

Nikatia. Akanywa tena, kidogo kidogo, akipumzika kila baada ya funda, hadi upawa ukaisha. Nilitaka kumchotea mwingine akakataa kwa mkono.

"Waambie wasimwage," akasema. "Wale wenye figo zao."

"Nitawaambia."

"Na usiwaahidi."

"Siwaahidi, Bi."

Hakuifikia Ijumaa. Alizikwa Mambrui, nami nilisimama nyuma ya watu, Mkristo katikati ya makanzu, na shemeji zake wakanivuta mbele, wakanipa nafasi nitie udongo. Nililia mbele ya watu bila kujali. Alikuwa amenifunza kazi, na kwa jinsi nilivyohisi alikuwa amenizaa mara ya pili.

Siku ya kwanza niliyorudi kazini ilikuwa siku ya kliniki. Ukumbi ulijaa. Nilimaliza maelezo, na mama mmoja kutoka upande wa kwetu akainua mkono kuuliza swali ninaloulizwa kila juma, kwamba maji ya mboga ayamwage au ayaache. Niliutazama upawa mkononi mwangu. Watu wakangoja. Nilimuuliza kwanza kama amewahi kupimwa figo. Akasema amepimwa na ni nzima. Nikamwambia asimwage. Nikawaomba radhi, nikatoka.

Fatuma, ulikuwa mgeni bado kazini. Ulinifuata, ukanikuta nimesimama nyuma ya jiko la hospitali, nimeshika upawa, macho mekundu. Ukasema moshi wa kuni hizi utatuharibu macho sote. Nikaitikia kwamba ndiyo, moshi umezidi. Ukasimama na mimi pale mpaka nikawa tayari kurudi ndani, na hakuna kati yetu aliyetaja kwamba jiko lilikuwa bado halijawashwa.